Mashine Iliyokomea Nyar Rusi

Jumamosi, tarehe kumi na tatu Aprili. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo saa nne, halafu ikarudi na upepo, hata nilipofika hapa bomani kwa Ogola, upande wa Masara, viatu vyangu vilikuwa vimebeba matope ya njia nzima. Mama Dorka alizikwa wiki iliyopita. Sikufika mazishini kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa umevimba, na nikiandika hivi najiuliza kama mguu ni sababu ya kutosha ama nilijitafutia tu. Nimeketi katika nyumba ya mke wa pili, Adhiambo, ambaye naye sasa ni bibi kizee wa kutembea na fimbo. Amenipa kiti cha kuegemea na kunifunika shuka miguuni kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Kutoka hapa naiona nyumba ya Mama Dorka, pale juu panapokaa nyumba ya mke wa kwanza, imefungwa kwa komeo la mbao, na kuku wamejikinga chini ya upenu wake. Komeo hilo ndilo limenirudisha mwaka wa tisini na nane, kwenye mlango mwingine wa huyo huyo mama, mlango ambao haukuwa na mbao wala bawaba na ulinitesa kuliko mlango wowote niliowahi kuufunga.

Ofisi yetu ya Migori ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya kinu cha posho. Mradi ulikuwa wa kuhifadhi maarifa ya miti ya dawa, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa yale ambayo akina mama waganga walitusimulia: mti gani, sehemu gani, unachemshwa ama unasagwa, unamfaa nani. Nilikuwa nimeishia darasa la nane na kozi ya taipu, tena mimi ni Mkuria, Dholuo yangu ilikuwa ya sokoni, kwa hiyo akina mama walinisimulia kwa Kiswahili na walipokwama walinionyesha kwa mikono. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi na kompyuta moja ya wageni. Chumba cha nyuma zamani kilikuwa stoo ya mahindi na bado kilinuka mahindi. Humo ndimo ilimokaa seva, kompyuta kuukuu ya kijivu iliyoweka kurasa zetu ili wakubwa wa ofisi kuu Homa Bay wazisome kwa njia ya simu bila kufunga safari. Mwenye kinu alipowasha mashine yake, taa zetu zilififia, seva ikajizima na kujiwasha upya, nami nikakaa mbele yake nikingoja kama mtu anayengoja mgonjwa afumbue macho. Nilimwomba awe anatuambia kabla ya kuwasha. Akaniuliza kwa upole kama na mimi nitakuwa nawaambia watu wasilete mahindi. Nikaona ana haki.

Mama Dorka alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza wa Ogola, na alijulikana hadi ng'ambo ya mpaka wa nchi kwa dawa ya watoto wachanga, wale wanaolia na kukataa titi. Alifundishwa na mama yake huko kisiwani Rusinga kabla hajaolewa. Tulimfuata miezi mingi ndipo akakubali kusimulia, na siku aliyokubali tulikuwa tumekaa kwenye jiko lake tukimenya njugu, moshi ukinitoa machozi. Aliniambia hivi: "Ng'ombe ni ya Ogola. Shamba ni ya Ogola. Watoto ni wa Ogola. Hii dawa peke yake ndiyo nilikuja nayo. Siku nyieka akiijua, mimi si kitu hapa." Nyieka ni mke mwenza. Huyo mwenza alikuwa Adhiambo, naye pia binti wa Rusinga, na aliyemleta alikuwa Mama Dorka mwenyewe. Alimchukua akiwa msichana ili amsaidie kulea watoto, Ogola akamtazama, na kabla ya mavuno alikuwa mke wa pili, nyachira, mwenye nyumba yake upande wa chini. Tangu siku hiyo, watu waliniambia, na mimi sikuwahi kusikia kinyume, Mama Dorka hakulitamka jina lake. Alisema nyieka, ama alisema huyo wa chini. Adhiambo naye alikuwa na dawa yake, ya vifua vya wachimba dhahabu wa Masara waliokohoa vumbi, na wagonjwa walipoingia bomani, macho ya nyumba zote mbili yaliwafuata kuona wanakatia wapi. Kwa hiyo Mama Dorka alitoa sharti moja: muandike, lakini mfunge. Bwana Okello, mkubwa wetu wa Homa Bay, akamwahidi kwamba kila mganga atakuwa na mlango wake na neno lake la siri. Akaahidi, akapanda gari akarudi Homa Bay, na kazi ya kufunga ikabaki kwangu.

Siku hizi vijana wanasema nywila na wanaweka kwa kidole gumba. Wakati ule, kufunga kurasa kwenye seva kulitaka uandike faili dogo na kuliweka ndani ya folda unayotaka kuifunga, na faili lenyewe jina lake lianze na nukta. Si jina halafu nukta, nukta kwanza. Nililiandika, nikalihifadhi, likatoweka. Nikaliandika tena, likatoweka tena. Nilidhani ni kinu kimezima kitu. Nikapiga simu Homa Bay kwa Oyugi, fundi wetu, kijana mwenye akili nyingi na subira kidogo, akacheka akasema hiyo ndiyo kazi ya ile nukta, faili linajificha. Nikamuuliza nitajuaje kama lipo. Akasema nitajua kwa sababu mlango utafungwa. Mlango haukufungwa. Nilibonyeza kurasa za Mama Dorka zikafunguka bila kuuliza chochote, wazi kama kibanda kisicho na ukuta. Nikasahihisha herufi moja, seva ikatoa ukurasa mweupe wenye maneno ya Kiingereza ya kusema kuna kosa ndani yake, bila kusema ni kosa gani. Nikarudisha ile herufi, zikafunguka tena kwa kila mtu. Sikuwa na wa kumgombeza isipokuwa nafsi yangu, na niliigombeza vya kutosha. Nilikula chapati na ndengu kwenye kibanda cha pale nje huku nikisogeza midomo kama mwehu, nikihesabu nilichokosea, hata muuza chapati akaniuliza kama nimeachwa na mtu.

Mwishowe niliitwa Homa Bay. Oyugi alifanyia kazi kwenye chumba chembamba cha ghorofani chenye dirisha la kutazama gati na ziwa, na meza yake ilikuwa na mifupa ya samaki juu ya gazeti karibu na kibodi. Nilipokuwa nje kwenye ngazi nilimsikia Bwana Okello akimuuliza kama huyu msichana wa Kikuria ataweza kweli ama watafute mtu mwingine. Oyugi akajibu kwamba kazi yenyewe ni ndogo hata mtoto angeweza. Nimeyageuza maneno hayo miaka mingi nisijue kama alikuwa akinitetea ama akinitukana, na kwa kuwa sijui, nimeamua kumhesabia kwamba alinitetea. Nilipoingia alinionyesha faili kubwa la seva, lile linalotawala mengine yote, na ndani yake mstari mmoja uliosema kwamba mafaili madogo ya namna yangu yasisikilizwe kabisa. Yaani mtu alikaa mahali akaiandikia mashine sheria kwamba mlinzi asimsikilize mwenye nyumba, na mimi mwenye nyumba nimekuwa nikipiga kelele wiki nzima nikidhani sauti yangu ni mbovu. Tulibadilisha neno moja kwenye mstari huo. Nilimuuliza Oyugi kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. Akasema hakujua kama sijui. Nilipanda gari la kurudi Migori na samaki aina ya ngege wa kukaanga kwenye mfuko wa karatasi, na mafuta yake yakaloweka sketi yangu, na hilo nalo nililiona ni sehemu ya kazi.

Basi kisanduku kikaanza kutokea kwenye skrini, kikiuliza vitu viwili, jina na neno la siri. Kuhusu jina, Bwana Okello alitaka kila boma lionekane kitu kimoja, kwa hiyo wake wote wawili wakapewa jina moja, kaogola, yaani nyumbani kwa Ogola, na folda zao zikaitwa A na B. Nisimwonee, wakati ule mpango huo ulionekana nadhifu hata kwangu. Kuhusu neno, niliwaambia kila mmoja peke yake: chagua neno ambalo ni lako mwenyewe na ambalo huwezi kulisahau. Hapo ndipo ningepaswa kuwajua Wajaluo vizuri zaidi. Mwanamke aliyeolewa mbali huitwa kwa alikotoka, na jina hilo ndilo hujivuna nalo kwenye sherehe, akilitanguliza mbele ya sifa zake zote. Mama Dorka aliinama akaninong'oneza sikioni, pumzi yake ikinukia njugu: nyarrusingajathieth, binti wa Rusinga, mganga. Siku nyingine Adhiambo akaja, akafunga mlango, akaninong'oneza kwa kucheka: nyarrusingamaber, binti wa Rusinga, mzuri. Niliyaandika yote mawili bila nafasi kati ya maneno kama mashine ilivyotaka. Niliona yameanza sawa. Nilijiambia kwamba watu wengi huanza sawa, mwisho ndio hutofautiana.

Adhiambo aliipenda kompyuta kuliko mganga yeyote tuliyekuwa naye. Hakusoma shule lakini aliishika njia ya herufi zake kama mtu anavyoshika njia ya kisimani, akazibonyeza moja moja huku akizitaja kama wimbo. Kabla ya krismasi alikuja na wanawake wawili wa Masara awaonyeshe picha yake iliyomo ndani ya mashine. Mimi nilikuwa nyuma nikichemsha chai. Akabonyeza folda ya kwanza aliyoiona, ambayo ilikuwa A, ya Mama Dorka. Kisanduku kikauliza. Akaandika kaogola, akaandika nyarrusingamaber mpaka mwisho, na mlango ukafunguka. Niliporudi na vikombe nilikuta wote watatu wameinamia mashine. Kwenye skrini kulikuwa na picha ya Mama Dorka ameshika tawi la mti wake, na chini picha ya mzizi umemenywa nusu. Mti wenyewe siutaji hata leo. "Robi," akaniambia polepole, "hii si nyumba yangu." Niliziba skrini kwa kiganja, kisha ndipo nikakumbuka kuna kitufe. Nasema kwa haki kwamba hakuingia kwa wizi na hakujificha. Nasema vilevile kwamba alikuwa ameshaangalia, na kwamba alipokuwa akinywa chai alitabasamu peke yake mara moja.

Wanawake wawili wakitoka mahali na jambo kama hilo, halifiki jioni bila kuenea. Siku ya soko iliyofuata Mama Dorka aliingia ofisini na kitenge cha kutokea na hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu mpaka mteja wa kinu aliyekuwa akiomba maji akaondoka mwenyewe. Hakupaza sauti. Alisema, "Nilikupa neno kwa sikio, nyathina. Ilitokea kwa mdomo gani?" Nyathina ni mwanangu, na aliendelea kuniita hivyo hata siku ile, jambo lililofanya niumie zaidi. Nikamwapia kwamba sikumwambia mtu. Akaniambia kwamba watu wanaolijua neno hilo ni watatu, yeye, mimi na mashine, na mashine haina mdomo. Kisha akasema tuitoe dawa yake humo ndani yote, picha na maandishi, na nikifanya hivyo hatanidai neno lingine maishani. Nikampigia Bwana Okello. Akasema kurasa za Mama Dorka ndizo wafadhili wanazozisubiri, zikitolewa hakuna mradi, na akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama nina hakika sikuteleza kwa ulimi.

Swali hilo lilinikaa moyoni. Mtu mwenye uhakika na nafsi yake angekasirika. Mimi nilianza kutafuta. Nilijiuliza kama nililitamka nikipiga chapa, maana nina tabia ya kutamka herufi. Nilijiuliza kama nililisema kwa dada niliyepanga naye chumba. Dada huyo aliniambia nisipoacha kumuuliza kama nimewahi kumwambia kitu, atahama. Nilikuwa napika ugali ukaungua, naweka chumvi mara mbili. Nilirudi kwenye seva na kufungua mlango wa Mama Dorka kwa neno lake, ukafunguka kama ulivyopaswa. Nikajaribu neno la Adhiambo, ukafunguka. Nikadhani nimechanganya mafaili, nikayaandika upya yote mawili, ukafunguka tena kwa maneno yote mawili. Hapo ndipo nilipopiga simu kwa Oyugi, nikamkuta anakula, nikasikia akitafuna nikimweleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Akameza, akasema, "Ah, lakini hiyo inajulikana. Inasoma herufi nane za kwanza. Zingine inatupa." Nikauliza inajulikana na nani. Akasema na kila mtu. Nikamwambia kwamba mimi si mtu basi, na nikakata simu, mara ya kwanza maishani kumkatia simu mtu wa ofisi kuu, na baadaye nikapiga tena kuomba radhi, nikakuta laini inatumika.

Niliketi mbele ya ile mashine nikaandika nyarrusi peke yake, mlango ukafunguka. Nikaandika nyarrusi na takataka nyuma yake, mlango ukafunguka. Ningeweza kuandika nyarrusi na jina la mwenye kinu. Wanawake wawili walikuwa wamenipa fahari yao yote sikioni, mmoja uganga wake, mwingine uzuri wake, na mashine ilikuwa imesikia nusu ya kisiwa ikalala. Sikumchukia Oyugi, na Bwana Okello sikumchukia pia. Niliichukia ile kompyuta ya kijivu jinsi mtu anavyomchukia mtu, na nikaifunika kitambaa nisiione.

Niliwaita wote wawili pamoja, jambo ambalo sijui hata sasa kama lilikuwa busara. Walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja mwisho wake, mkoba wa Mama Dorka ukiwa katikati kama mpaka. Nikawaomba ruhusa ya kuyataja maneno yao mbele ya mwenzake kwa kuwa yalikuwa yameshaharibika. Mama Dorka alipolisikia neno la Adhiambo aliguna kwa pua, na Adhiambo aliposikia la Mama Dorka akatazama dari. Nikaandika yote mawili kwa chaki sakafuni, moja chini ya lingine. Mama Dorka alikuwa amepitia masomo ya ngumbaru kanisani, alisoma kwa kidole. Nikapiga mstari baada ya herufi ya nane. Nikasema mashine inasikia mpaka hapa, inasikia Nyar Rusi, halafu haisikii tena, mtu awe mganga ama awe mzuri kwake ni mamoja. Wakainamia ule mstari. Kinu kilikuwa kinanguruma, taa zikafifia, seva ikajizima chumbani kwa mlio wake wa kukata tamaa. Ndipo Mama Dorka akasema, bila kumtazama mtu, "Kumbe ni kama Ogola. Unamwambia jambo, anasikia mwanzo, analala."

Adhiambo alianza kucheka kwanza, akaziba mdomo kwa kitenge, na bega lake likaendelea. Mama Dorka alijikaza, kisha akashindwa. Walicheka bila kutazamana, kila mmoja upande wake wa ule mkoba, mpaka Adhiambo akafuta macho na kusema kwamba hata mwanzo wenyewe Ogola hasikii siku hizi. Nilidhani mambo yamekwisha. Mimi ni mwepesi wa kudhani mambo yamekwisha. Mama Dorka alipomaliza kucheka alijipangusa uso na kusema vizuri, sasa tunajua, hakuna aliyeniuza, lakini dawa yangu itoke humo. Adhiambo akasimama akasema kwa heshima kwamba alichokiona hatakitumia, akatoka nje akakaa kwenye mawe ya kinu. Kama alitimiza alichosema, mimi sikukaa bomani kwao nipate kujua. Najua kwamba watoto wachanga waliendelea kupelekwa nyumba ya juu.

Nilimwomba Mama Dorka ajaribu neno jingine kabla hatujaitoa. Niliwaza wafadhili, ndiyo, na kazi yangu, lakini niliwaza pia kwamba yeye ni mzee na mabinti zake wameolewa bila kutaka kujifunza, na kama si humo, ule mti utarudi kuwa mti tu. Nilimwambia atoe hilo Nyar Rusinga abaki na jathieth peke yake. Akanitazama kama mtu aliyeombwa avue nguo. "Nikitoa Nyar Rusinga, anayebaki ni nani? Bibi ya Ogola?" Tukaletewa chapati na ndengu kutoka kibandani, akala nusu, nusu akaifunga kwenye karatasi, huku anawaza. Nikamwambia tu kanuni: lisizidi herufi nane, liwe neno ambalo hakuna mtu atakayefikiri kwamba wewe unaweza kulisema. Alirudia sehemu hiyo ya pili kwa sauti ndogo. Halafu akahesabu kwenye vidole, mkono mmoja, kisha mwingine, akahesabu tena. "Inaenea," akasema. "Sasa wewe geuka."

Hakutaka kuninong'oneza tena, na sikumlaumu. Nilimfungulia mahali pa kuandika, nikageukia ukuta, nikabaki nikitazama madoa ya unyevu yaliyokuwa na umbo la ng'ombe asiye na kichwa. Akalalamika kwamba mashine haiandiki. Nikamwambia inaandika ila haionyeshi, hata nyota haionyeshi. Akasema hii mashine yenu, ikitakiwa kunyamaza inasema, ikitakiwa kusema inanyamaza. Akaandika, ikamwomba arudie, akarudia, ikasema hayalingani. Tukaanza upya. Alikuwa akipumua kwa nguvu, akitafuta kila herufi. Mara ya tatu akaniuliza, nami nikiwa nimeubana uso ukutani, "Nyathina, ile sauti ya dh, naanza na D ama H?" Nikamwambia D kwanza, H inafuata. Kidole kikagonga, kikagonga. Ikakubali. Akafunga mkoba wake, akasema imejaa, na akatoka nje alikokaa Adhiambo, wakaondoka kuelekea kituo cha magari, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama walivyozoea.

Bwana Okello aliponiuliza neno ni lipi nikamwambia silijui, alikasirika, na naona alikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa amelipia mlango ambao hata yeye hawezi kuufungua. Oyugi akasema anaweza kuubomoa kwa dakika chache. Nilimsihi asifanye hivyo, na sijui kama alikubali kwa ajili yangu ama kwa uvivu. Mama Dorka alikuja mara kadhaa kuwafungulia wakubwa mwenyewe, akiwaambia wageukie ukuta wote, na niliwaona wanaume wa Homa Bay wamepangwa pale wakitazama ng'ombe asiye na kichwa. Masika yaliyofuata radi ilipiga waya, seva ikaungua, na kilichokuwa ndani kikaenda. Mradi nao haukukaa. Miaka mingi nimejiuliza neno lile lilikuwa lipi, na mara nyingi nimejizuia kujiuliza, kwa sababu aliniambia nigeuke.

Leo Adhiambo ameniuliza. Tulikuwa tukisikiliza mvua kwenye mabati, akasema, akitazama ile nyumba yenye komeo, kwamba miaka yote ile alitaka kujua neno la pili, na Mama Dorka alikufa bila kumwambia. Sikujua kama nina haki ya kusema. Nilimwambia kile tu nilichokisikia kwa masikio yangu, kwamba lilienea katika herufi nane, kwamba lilikuwa neno ambalo hakuna mtu angemdhania kulisema, na kwamba aliuliza kuhusu dh. Kisha akaniambia nimtajie herufi za jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nikazitaja polepole, A, D, H, I, A, M, B, O, naye akikunja kidole kwa kila moja, mkono mmoja, kisha mwingine.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha, mama."

Nikaharakisha kumwambia kwamba dh imo katika maneno mengi ya Dholuo, ng'ombe ni dhiang', mwanamke ni dhako, kwamba siwezi kuapa, kwamba mimi ni mtu wa kukosea. Akasema, "Nyamaza, Robi." Vidole vyake vilibaki vimekunjwa mapajani, vinane, na viwili vimesimama. Halafu akachukua fimbo, akaenda jikoni, na nilimsikia akipuliza moto uliokataa kuwaka kwa unyevu wa kuni. Jioni tulikula kuon, yaani ugali, wa mtama uliochanganywa na muhogo, mboga ya osuga, yaani mnavu, iliyolala kwenye maziwa, na fulu, wale samaki wadogo waliokaushwa, walioletwa mzigo mzima na watu wa Rusinga walipokuja kumzika binti yao.